Uzamili wa teknolojia ya ufundishaji ukiwa Nguruka: cheti kitatambuliwa?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku Nguruka, wilaya ya Uvinza, nafundisha Jiografia na Kiswahili, mwaka wa tisa sasa. Nina shahada ya ualimu, GPA 3.3. Natamani kusoma uzamili wa elimu upande wa teknolojia ya ufundishaji kwa masafa, maana siwezi kuacha kazi wala watoto wangu wawili. Mume wangu anasema hiyo ni kozi ya watu wa kompyuta. Mkuu wangu wa shule anasema shahada ya mtandaoni serikali haiitambui. Halafu kuna kijana amenitumia ujumbe kwamba chuo fulani cha nje kinatoa uzamili huo kwa miezi tisa, hakuna mtihani, dola 1,800, nikilipa nusu naanza kesho. Shuleni tuna kompyuta moja ya ofisini na vile vishikwambi tulivyogawiwa. Je, nikisoma nitapanda daraja? Nitaweza kweli kwa mtandao wa huku? Nisaidie kabla sijatuma hela."*

Marahaba, mwalimu. Naanza na ile hela kwa sababu ndiyo yenye haraka: usiitume. Hata hiyo nusu. Sababu nitakupa huko mbele, na utaiona mwenyewe kwa hesabu ya kugawanya tu.

Nikikusoma vizuri, unaogopa kutoa hela na miaka yako, kisha siku unapeleka cheti ofisini mtu akitazame, akigeuze nyuma, akurudishie. Hofu hiyo ina msingi. Ila imechanganyika na maneno uliyoambiwa ambayo hayako sawa, na hayo tuyatoe njiani kwanza.

Shemeji aniwie radhi, hapo amekosea, na amekosea pamoja na watu wengi, wakiwemo wakufunzi wa vyuo. Wakisikia teknolojia, akili inakimbilia kwenye kompyuta. Miaka kadhaa nyuma niliingia darasa moja la sekondari wilayani Kasulu kumtazama mwalimu akifundisha mvua za milimani. Alikuwa na projekta, slaidi ishirini na kitu, picha za rangi zinapendeza. Kipindi kikaisha wanafunzi wakinakili. Nikamuuliza binti mmoja wa dawati la nyuma: kwa nini mvua inapenda kunyesha mlimani? Akageuka kutazama ukutani ili anisomee, kumbe projekta ilishazimwa. Akacheka kwa aibu, akanyamaza.

Wiki hiyohiyo, shule nyingine, mada ileile. Huyu alikuja na birika linalochemka juu ya jiko la mkaa, na sinia la bati alilolilaza kwenye maji ya mtungi tangu jana yake. Kabla hajagusa kitu akawaambia wawili wawili waandike: mvuke ukikuta sinia hili huku juu kitatokea nini, na kwa sababu gani? Ndipo akaliinua juu ya mdomo wa birika. Tumbo la sinia likajaa matone, yakaanza kudondoka. Kelele zilizolipuka hapo zilimtoa mwalimu wa darasa la jirani kuja kuchungulia. Waliokuwa wameandika vibaya ndio waliobishana zaidi, na katikati ya ubishi nikamsikia kijana mmoja akimweleza mwenzake habari ya hewa kupanda, kupoa na kuachia maji, nusu Kiswahili nusu Kiha.

Kwa maana ya fani yenyewe, mwenye teknolojia ya ufundishaji hapo ni mwalimu wa birika. Chama cha wanataaluma wa fani hii cha Marekani, AECT, mwaka 1994 kilitoa maelezo ambayo vyuo vingi bado vinaanzia hapo: ni nadharia na utendaji wa kubuni, kutengeneza, kutumia, kusimamia na kutathmini michakato na rasilimali za kujifunzia. Kompyuta haimo humo. Mtafiti mmoja, Richard Clark, mwaka 1983 alikwenda mbali zaidi, akasema chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula dukani: si lori linalobadilisha lishe ya watu. Wapo waliompinga vikali, Robert Kozma akiwa mmoja wao, na ubishi wao utausoma mpaka uchoke. Lakini twende mbali kwa nini? Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kulikuwa na kipindi cha redio, kijitabu chepesi, na kikundi cha wanakijiji chini ya mti na kiongozi wake, wakisikiliza, wakisoma, wakijadili, kisha wakiinuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wataalamu wa nje wa fani hii bado wanaitaja kampeni hiyo, na sisi tumeisahau.

Kwa hiyo mwalimu mwenye miaka tisa ya kuandika maandalio ya somo haingii ugenini. Utakutana na mfumo uitwao ADDIE, ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani: uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji, tathmini. Mara ya kwanza utasema, mbona hili ni azimio la kazi lililovaa suti? Upya utauona kwenye uchambuzi na tathmini, sehemu mbili ambazo sisi walimu huzijaza kwa haraka ili mkaguzi asikute pengo. Ujuzi wa kompyuta unaohitajika kuanzia ni wa kawaida: kuandika waraka mrefu wenye vichwa vya habari, kutengeneza jedwali, kurekodi sauti, kupandisha faili kwenye mfumo. Hayo mtu huyapata kwa mwezi mmoja wa jioni.

Sasa mkuu wako wa shule. Naye amesikia nusu ya habari. Mamlaka husika ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza mwaka 2005. Inachotazama ni kama chuo kina ithibati halali na kama programu yenyewe inatambuliwa. Kusoma kwa masafa peke yake hakuharamishi cheti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na tangu mwanzo kazi yake ni hii hii ya kumfundisha mtu alipo. Nje ya hapa jambo hili ni kongwe zaidi: Chuo Kikuu cha London kinatoa shahada kwa watu wasiokanyaga madarasa yake tangu mwaka 1858, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa masafa kupitia UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Sijamsikia mtu akisema ile ya Mandela haitambuliki.

Lakini simlaumu mkuu. Walimu wa rika lake walishuhudia uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, pale watumishi wa umma 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Vile vilikuwa vyeti vya sekondari na vya ualimu, ila tangu hapo ofisi za utumishi zikaanza kukitilia shaka kila cheti kisichojulikana kilikotoka. Ndiyo maana kwa chuo chochote cha nje fuata mpangilio huu, wala usiugeuze: tafuta kwanza kama kina ithibati nchini kwake, kisha iulize TCU kwa maandishi kama tuzo ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya masomo, itatambuliwa, upate jibu la maandishi, ndipo ulipe. Ukimaliza, utapeleka cheti na matokeo yako TCU kupata utambuzi rasmi. Kwa vyuo vya Marekani, ithibati hutolewa na mashirika maalumu, na orodha ya vyuo vilivyoipata iko wazi kwenye tovuti ya CHEA, baraza la huko la ithibati ya elimu ya juu. Anwani inayoishia na .edu ni dalili nzuri, kwani tangu 2001 hupewa vyuo vyenye ithibati tu, ila waliokuwa nayo kabla ya hapo waliachiwa, kwa hiyo isikutoshe peke yake.

Tufanye sasa ile hesabu ya kijana wa dola 1,800. Katika mfumo wetu wa sifa za vyuo vikuu, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kusikiliza, kuandika, kufanya utafiti. Hizo ni saa 1,800. Waingereza nao wanahesabu hivyohivyo. Wamarekani wana hesabu yao, na programu nyingi za fani hii kwao zina krediti 30 hadi 36, lakini krediti yao moja ni kama saa 45 za kazi, kwa hiyo ukizidisha unafika karibu na palepale. Miezi tisa ni wiki 39. Gawanya 1,800 kwa 39: saa 46 kila wiki, juu ya vipindi vyako, usimamizi wa zamu, kusahihisha, kupika na kulala. Haiwezekani, na anayekuuzia anajua haiwezekani. Hakuna mtihani kwa sababu hakuna masomo. Utaletewa karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu, na siku ukiiweka kwenye jalada lako la utumishi umejipandia bomu mwenyewe, maana kuwasilisha cheti cha namna hiyo kunaweza kukugharimu kazi ambayo shahada yako halali ilikupa.

Hesabu hiyohiyo inakufaa kwa jambo jingine. Miaka miwili ni wiki 104, yaani kama saa 17 kwa wiki. Miaka mitatu inashuka hadi saa 11 na nusu. Mwalimu mwenye watoto wawili na vipindi vya kutosha, mimi namshauri apange mitatu tangu mwanzo na amwambie mume wake mitatu. Nimesimamia tasnifu za walimu kwa miaka sasa. Wanaokwama, mara nyingi uwezo wa kichwa wanao. Tatizo walijiandikisha kwa saa wasizokuwa nazo. Kabla hujalipa ada, chukua ratiba yako ya wiki ya kawaida, si ya likizo, uonyeshe kwa kalamu hizo saa 11 ziko wapi. Kama hazionekani, kuna kazi ya nyumbani inayotakiwa ihamie kwa mtu mwingine, na mazungumzo hayo ni ya sasa, si ya wiki ya mitihani.

Kuhusu kupanda daraja, hapa nitakuwa mkali kidogo. Walimu wengi wanaingia uzamili wakikumbuka jinsi mwenzao wa stashahada alivyopata shahada akabadilishiwa kutoka C kwenda D. Wanategemea mruko mwingine wa namna hiyo. Usiutegemee. Kupanda kwako kunakwenda na muundo wa utumishi, muda uliokaa kwenye cheo, tathmini ya utendaji, na bajeti ya mwaka husika. Uzamili unaweza kukufungulia milango mingine: ukufunzi katika chuo cha ualimu (Kasulu na Kabanga viko mkoani kwako, na Tabora nacho hakiko mbali), nafasi za ukuzaji mitaala, kazi katika miradi ya elimu, baadaye njia ya uhadhiri kama ufaulu wako ni mzuri. Ila milango hiyo inaombwa, inashindaniwa, na wakati mwingine inakutaka uhame Nguruka. Kama shabaha yako ni nyongeza ya mshahara mwezi unaofuata mahafali, hela hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye shamba la michikichi.

Nenda pia kwa maandishi kwa mwajiri. Andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipite kwa mkuu wa shule, hata kama utasoma usiku na hutoki kituoni. Wapo wanaosoma kimyakimya wakidhani ni jambo lao binafsi, kisha cheti kinapofika ofisini swali la kwanza linakuwa, ruhusa yako iko wapi? Hifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Sasa tuje kwenye kile ambacho hukukiuliza kwa jina lake, ila kiko ndani ya "nitaweza kweli". Kwa nini masomo ya masafa yanawashinda watu waliofaulu vizuri darasani? Michael Moore, mmoja wa waliolichunguza jambo hili kwa kina, alisema umbali unaoumiza hauko kwenye kilomita. Uko kwenye pengo la kuelewana kati ya anayefundisha na anayejifunza. Pengo hilo linapanuka mazungumzo yakipungua, na linamtaka mwanafunzi ajiongoze zaidi. Darasani, ukiinua uso tu mwalimu anaona hujaelewa. Kwenye mfumo wa mtandaoni hakuna anayeuona uso wako. Usipoandika "sijaelewa aya ya tatu", kwa chuo wewe umeelewa. Walimu tuna ugonjwa wetu hapa: tumezoea kuulizwa, kuuliza tunaona haya. Mwanafunzi wa masafa anayeuliza sana ndiye huyo huyo utakayemwona kwenye mahafali.

Na kuna saa. Mimi nilisoma uzamili wangu kwa masafa, chuo cha nje. Kazi ya kwanza mfumo uliandika mwisho ni Jumapili, 12:00 AM. Nikaona Jumapili, nikaona saa sita ya usiku, nikajua nina Jumapili nzima. Baada ya ibada nikala, nikapumzika, jioni nikatembea hadi kibanda cha intaneti na flashi mfukoni. Mfumo ulikuwa umefungwa tangu saa mbili asubuhi. Kwa wenzetu ile ni dakika Jumamosi inapokwisha, tena kwa saa ya kwao. Nikakatwa alama, na nilistahili. Ukisoma nje, vipindi vya moja kwa moja navyo vina vituko: darasa la saa moja jioni mjini Chicago kwako ni saa kumi alfajiri, na Machi wakisogeza saa zao mbele linahamia saa tisa usiku, bila mtu kukutumia taarifa, mpaka Novemba. Chuo cha Uingereza ni afadhali, tofauti ni saa mbili au tatu tu. Kabla ya kuchagua programu ya nje uliza swali hili kwanza: vipindi ni vya moja kwa moja, au vinarekodiwa nisikilize kwa wakati wangu?

Mtandao wa Nguruka hautakuzuia ukiupangia. Saa moja ya darasa la video inaweza kula karibu gigabaiti moja ya bando. Zima kamera, sikiliza sauti tu, unabaki na sehemu ndogo sana ya hiyo. Chuo Kikuu Huria kinatumia Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua modyuli ukiwa kwenye mtandao mzuri kisha ukazisoma bila bando. Halikuwekwa humo kwa bahati. Aliyeianzisha Moodle mwaka 2002, Martin Dougiamas, alikulia kwenye nyika za Australia ya Magharibi, na masomo ya utotoni aliyapata kwa redio ya mawimbi mafupi na vifurushi vya ndege. Jumamosi ukienda mjini Kigoma kwa shughuli zako, pakua ya wiki mbili.

Kishikwambi chako, kile kilichohesabia watu kwenye sensa ya Agosti 2022, kitakufaa kusoma makala na modyuli. Tasnifu hutaiandika humo, wala kwenye simu. Nimewaona waliojaribu, na shingo zao ninazikumbuka. Nunua laptopu, hata iliyotumika, yenye betri inayoshika chaji, na weka humo programu ya Zotero ambayo ni ya bure na inapanga marejeo yako, kwa sababu kupanga marejeo 80 kwa mkono siku mbili kabla ya kuwasilisha ni adhabu.

Njia zenyewe naziona hivi. Chuo Kikuu Huria ndicho ningekianza kukitazama kwa hali yako. Kina vituo Kigoma na Tabora, na wewe Nguruka uko kwenye reli katikati ya vyote viwili, mitihani unafanyia kituoni, ada ni ya shilingi, na suala la kutambuliwa halina mjadala. GPA yako ya 3.3 ni daraja la pili la chini, na kiwango cha kawaida cha kuingia uzamili huanzia 2.7, kwa hiyo hapo umepita. Ubaya wake ni kwamba jina kamili unalolitaka huenda usilikute. Utakutana na uzamili wa elimu wenye upande wa mitaala, wa utawala na mipango, au wa elimu huria na masafa. Programu hupitiwa upya mara kwa mara, soma prospektasi ya mwaka huu, si ile ambayo rafiki yako aliihifadhi. Mimi nisingeng'ang'ania jina. Upande wa mitaala au wa elimu masafa, ukiandika tasnifu juu ya teknolojia ya ufundishaji, unakufikisha kulekule, na anayekuajiri atasoma mada ya tasnifu yako.

Nje ya nchi kuna programu nzuri zenye jina hilohilo au la karibu nalo. Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere, kinafundisha uzamili wa elimu ya kidijitali wote mtandaoni. Ada za huko ni za paundi, na kwa mshahara wa mwalimu sizishauri bila ufadhili. Ila ufadhili upo: Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola nchini Uingereza ina mpango maalumu wa masomo ya masafa kwa watu wa nchi kama yetu, unaolipa ada ukiwa kazini kwako. Vyuo na kozi zinazoshiriki hubadilika, na ushindani ni mkali. Kuomba si kwa hela, jaribu. Angalizo moja linalowaumiza Watanzania: GPA yetu ni ya kati ya 5, ya Marekani ni ya kati ya 4. Ukiandika 3.3 bila maelezo, msomaji wa huko atadhani ni ya kwao, na baadaye ionekane ulidanganya. Andika "3.3 kati ya 5.0", na chuo kikitaka tathmini ya shirika la kulinganisha vyeti vya nchi mbalimbali, kama WES, fanya kupitia hilo. Wakidai mtihani wa Kiingereza, uliza kwanza kama watakubali barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza.

Na kuna njia ya kuonja kabla ya kula. Mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania una kozi za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Zimalize mbili, peke yako, kwa ratiba uliyojipangia. Zisipoisha ndani ya miezi mitatu zikiwa za bure na fupi, umepata taarifa muhimu kuhusu wewe mwenyewe bila kulipa ada. Vyuo vya Uingereza pia vingi vinakuruhusu kuchukua cheti cha uzamili cha krediti 60, ukiridhika uendelee hadi 120, kisha 180. Ukikatishwa na maisha njiani hutoki mikono mitupu.

Upande wa hela, chuo kikikubali awamu, lipa kwa awamu. Ukifikiria mkopo wa mshahara, kumbuka makato yote yakijumlishwa lazima ubaki na theluthi moja ya mshahara wako, na wewe peke yako ndiye unayejua kama theluthi hiyo inalisha nyumba. Kaa na afisa mikopo ana kwa ana, ukiwa na shemeji, kabla ya kusaini. Usimalizane naye kwa simu.

Kuna mambo mengine ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia, yanataka miguu yako. Nenda kituo cha Chuo Kikuu Huria Kigoma wakati wa likizo. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri yako umuulize habari ya muundo na ruhusa, maana jibu la jalada lako liko kwake. Na ukishaanza, msimamizi wa utafiti akikaa mwezi na sura ya tasnifu yako bila kujibu, usiendelee kutuma barua pepe ya nne. Panda treni, nenda kituoni, omba mratibu akusaidie kumfikia, au akubadilishie. Nimeona tasnifu zimelala miaka miwili kwa sababu ya aibu ya kugonga mlango. Vilevile, ukifika mahali hulali, unawakaripia watoto na darasani unasimama tu, omba kuahirisha mwaka. Utaratibu wa kuahirisha upo, ila unaombwa kwa fomu kabla hujapotea, sio baada.

Ukifika kwenye utafiti, mada unayo mkononi tayari. Vile vishikwambi viligawiwa walimu nchi nzima, na ninayekutana naye ananipa hadithi tofauti: huyu anaandalia masomo, yule kimefungiwa kabatini kwa mkuu, mwingine watoto wake wanachezea. Vimebadilisha nini hasa kwenye kipindi cha Jiografia cha dakika arobaini, katika shule za tarafa yako? Mtu wa Dar es Salaam angelazimika kusafiri siku mbili kuja kuuliza hilo. Wewe unahitaji barua ya chuo, kibali cha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa pale Kigoma, kisha cha mkurugenzi Uvinza, na baiskeli.

Ukienda kituoni, chukua cheti cha shahada na matokeo yako halisi pamoja na nakala zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, na ile ratiba yako yenye saa 11 zilizotiwa kalamu. Muulize mratibu ana wanafunzi wangapi wa uzamili walioko kituo hicho sasa, na kama anaweza kukukutanisha na mmoja ambaye ni mwalimu na ana watoto. Na yule kijana wa miezi tisa, mtumie swali moja tu: chuo chako kina ithibati ya shirika gani? Nadhani hatajibu.